Mvua ya Makueni, Mshahara wa Kayole

Msimu wa kupanda wa Ukambani huanzia Muthurwa, Nairobi. Anayetaka kuushuhudia afike kituo cha mabasi ya Machakos, kile ambacho wakazi wa Eastlands hukiita Machakos Airport kwa utani, jioni ya Ijumaa moja mwishoni mwa Septemba, mishahara ikiwa imetoka. Kwenye keria za mabasi ya Wote, Kibwezi na Kitui yamefungwa mabati, magodoro na mapipa ya plastiki. Utingo anapigapiga ubavu wa gari akiwaita abiria wawili wa mwisho, ambao siku zote ni wawili. Hayo ni ya kila Ijumaa. Ya msimu huu yako mapajani mwa abiria: mifuko ya agroveti yenye paketi za kilo mbili za mbegu za mahindi, DH04 au Duma 43, na kwa walio waangalifu zaidi, ndengu za N26 ambazo sokoni huitwa nailoni.

Wengi wa wanaobeba mbegu hizo hawatazipanda. Watafika nyumbani usiku, watakabidhi mzigo, Jumapili alasiri watakuwa barabarani wakirudi Kayole, Umoja, Pipeline au Donholm. Kuanzia hapo shamba litaendeshwa kwa simu. Mazungumzo yenyewe yanajulikana na kila mtu aliyekulia esteti hizi, kwa maana kuta za ploti zetu ni nyembamba na siri hazikai. "Mwaitu, huko kumenyesha?" mwana anamwuliza mama yake. Jibu huwa halinyooki: kumenyesha ng'ambo ya mto, kwa jirani matone yameanguka, huku kwetu ni mawingu tu na upepo. Halafu yanafuata maswali ya pesa. Wa kulima kwa plau wamepatikana? Wanadai ngapi? Yule fahali auzwe au asubiri?

Mara nyingi husemwa kwamba mkulima wa nyanda kame hana bima. Sikubaliani na wanaosema hivyo. Bima anayo, na imemvusha katika ukame mwingi kuliko msaada wowote uliowahi kushushwa kutoka kwenye lori la serikali. Ni mshahara wa bawabu anayelinda lango la kiwanda Barabara ya Enterprise, wa fundi wa Gikomba, wa mwalimu wa Buruburu, wa mama anayeuza mitumba. Bima hii haina fomu, haina mpimaji hasara, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 hulipa kwa dakika moja. Ila ina kasoro moja kubwa: hulipa mazao yakiwa yameshakauka. Pesa nyingi za Eastlands huenda Ukambani Januari na Februari, kununua chakula badala ya kilichokosekana shambani. Zingeenda nusu yake tu mwezi Septemba, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Mkono huu wa mji kushika jembe la mbali una historia yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikidai kwamba udongo wa Machakos unamomonyoka kwa sababu ya wingi wa mifugo, ilianza kuwachukua ng'ombe wa Wakamba kwa lazima na kuwapiga mnada. Wakati huohuo kampuni ya Liebig's ilikuwa inaanzisha kiwanda cha nyama Athi River na ilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Julai mwaka huo maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor, mlangoni kabisa mwa Eastlands ya leo, wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza ile amri. Tumezoea kulisimulia tukio hilo kama mapambano ya kisiasa, na barabara ya katikati ya jiji ikapewa jina lake. Tukilitazama kwa macho ya mkulima, watu wale walikuwa wakitetea akiba yao ya ukame. Mvua ikikosekana, ng'ombe ndiye aliyekuwa akibadilishwa kwa nafaka kutoka milimani.

Kisha zikaja nyumba. Nyingi kati ya hizo, kama Makongeni ya wafanyakazi wa reli, zilijengwa kwa hesabu moja: mji ulihitaji mikono ya mwanamume, familia yake haikuhitajika. Vyumba vilipimwa kwa vitanda. Mke na watoto walibaki shambani, na mshahara ukagawanywa mara mbili tangu siku ya kwanza. Mpangilio huo ulikuwa wa dhuluma, lakini watu waliupa kazi ambayo wakoloni hawakuikusudia. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti mrefu kuhusu wilaya ya Machakos, ambayo kwa muda mwingi wa kipindi walichochunguza ilikuwa na Makueni ndani yake. Ardhi ambayo maofisa wa miaka ya 1930 waliiandikia tanzia ilikuwa imepata idadi ya watu zaidi ya mara tano, na badala ya kuwa jangwa ilikuwa imejaa matuta ya fanya juu na kutoa mavuno mengi zaidi kwa kila mtu. Sehemu ya fedha zilizochimba matuta hayo ilitoka kwenye ajira za mjini. Jembe lilikuwa la mama na la vikundi vya mwethya vya kusaidiana. Pesa ya kuwalisha wachimbaji ilitoka kwa mtu aliyelala Makongeni.

Kwa hiyo hili la kupeleka pesa kabla ya balaa lilishafanywa. Tumelisahau tu, au maisha ya mjini yametubana hadi tukashindwa.

Tukirudi kwenye mvua yenyewe, kuna jambo ambalo wakazi wengi wa Eastlands wenye mashamba Makueni na Kitui hawalitumii, nalo ni la bahati. Ukambani hutegemea zaidi mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, kuliko ya masika. Na vuli ndiyo mvua ambayo wataalamu wa hali ya hewa wanaweza kuibashiri vizuri zaidi katika eneo hili lote. Masika huwapiga chenga mara kwa mara. Vuli hufuata joto la bahari, na joto la bahari hubadilika polepole, linapimika miezi kadhaa kabla. Maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli hunyesha kupita kiasi, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Hali ikigeuka, hasa pamoja na La Niña kwenye Pasifiki, vuli hukauka, kama 2010, kisha 2020, 2021 na 2022 mfululizo. Agosti 2022 kituo cha kikanda cha hali ya hewa, ICPAC, chenye makao yake Ngong, kilitoa tahadhari kwamba vuli iliyokuwa inakuja ingekuwa kavu. Ikawa kavu. Huo ulikuwa msimu wa tano mfululizo kukosa mvua ya kutosha, na kufikia hapo mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa nchini.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kule Dagoretti Corner hutoa utabiri wake wa vuli kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba. Hesabu miezi: kuna wiki nne hadi nane kabla ya mvua kuanza. Huo ni muda wa kutosha wa mshahara mmoja, pengine miwili.

Nakubali kwamba watu wamechoshwa. Oktoba 2023 Rais William Ruto alilihakikishia taifa kwamba hakungekuwa na El Niño, ila mvua kubwa kidogo kuliko kawaida, wakati wataalamu walikuwa wameshaonya kinyume. Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya mia nchini. Aliyekuwa amepanda ukingoni mwa mto akasadiki, mto ukamletea jibu. Na hata pasipo siasa, utabiri huzungumza kwa uwezekano: asilimia fulani kwamba mvua itakuwa chini ya kawaida, fulani ya kawaida, fulani ya juu. Mtu anayeambiwa asilimia 60 ya upungufu na kisha akaona mvua nzuri husema wamedanganya. Hawakudanganya, ile 40 ilikuwemo kwenye karatasi. Wajibu wa mkulima ni kupanda kwa namna ambayo 60 ikitokea haitamfilisi, na 40 ikitokea haitamkuta hana kitu ardhini.

Hapa ndipo ningependa tuwatazame Wahindi. Nyanda kame za India ni kubwa, na wakulima wake hutegemea monsuni kama sisi tunavyotegemea vuli. Taasisi ya utafiti wa kilimo cha nyanda kame iliyoko Hyderabad, CRIDA, imeshiriki kuandaa mipango ya dharura ya wilaya zaidi ya 600, kila wilaya na mpango wake. Nilichokipenda katika mipango hiyo ni ukavu wake. Haina maneno ya kutia moyo. Inauliza: monsuni imechelewa wiki mbili? Panda hivi. Imechelewa wiki nne? Acha zao lile, chukua hili. Wiki sita, nane? Imeanza vizuri kisha ikakatika mimea ikiwa inatoa maua? Kwa kila jibu kuna zao, kuna mbegu, kuna la kufanya na mifugo. Maamuzi yamefanywa mapema, kichwa kikiwa kimetulia.

Vuli ya Ukambani haitoi nafasi ya wiki nane. Nane ndiyo karibu msimu wote. Lakini hesabu yenyewe inafaa. Mvua huelekea kukatika karibu na Krismasi, basi hesabu kurudi nyuma. Mahindi ya nyanda kame, kuanzia yale ya Katumani yaliyotolewa na kituo cha utafiti karibu na mji wa Machakos miaka ya 1960, huhitaji takriban miezi mitatu, na unyevu uliobaki ardhini humalizia kazi. Ndengu huiva kwa miezi miwili hivi. Kwa hiyo mahindi yaingie ardhini kavu, kabla ya tone la kwanza, au mara tu likianguka. Wiki ya pili ya Novemba ikifika bila mvua ya maana, mbegu ya mahindi iliyobaki irudishwe kabatini, zipandwe ndengu na kunde. Mwezi ukielekea ukingoni, kunde kwa ajili ya majani na lishe ya mbuzi. Desemba ikibisha hodi shamba likiwa tupu, usimtumie mtu pesa ya mbegu tena. Pesa hiyo sasa ni ya chakula. Na fahali auzwe soko la Emali Septemba, utabiri ukiwa mbaya, angali na nyama mgongoni. Februari kila mtu atakuwa amepeleka wake, na mnunuzi ndiye atakayetaja bei.

Hilo la fahali ndilo gumu kuliko yote. Kijana wa Umoja atamshawishi vipi mama yake auze mnyama kwa sababu ya joto la maji karibu na Indonesia? Sijui familia iliyolimaliza jambo hilo kwa simu moja. Kwa kawaida huhitaji safari, na mjomba.

India hutugusa kwa njia nyingine tena, ya soko. Mbaazi na ndengu za Afrika Mashariki huliwa kwa wingi huko. Mwaka 2016 monsuni ilikuwa nzuri, mavuno ya dengu na mbaazi yakafurika, na Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa. Bei zikaporomoka Tanzania na Msumbiji, na huku Ukambani pia. Anayeshauri familia yake ihamie ndengu zote kwa sababu ya ukame amekimbia hatari moja akaingia nyingine. Ndengu unaweza kula, hiyo ni faraja. Lakini zisiwe shamba zima.

Bima ya kampuni nayo ilijaribiwa. Mwaka 2009 mpango wa Kilimo Salama ulianza kwa majaribio Laikipia: mkulima anunuapo mbegu au mbolea analipia nyongeza ndogo, kituo cha hali ya hewa kilicho karibu kinapima mvua, ikipungua chini ya kiwango kilichowekwa analipwa kupitia simu bila mtu kukanyaga shamba lake. Wazo lilikuwa safi, na lilikuwa limeshajaribiwa India tangu 2003. Mwaka 2014 mpango huo ulizaa kampuni ya ACRE Africa. Shida yake ni ileile ya simu ya Jumapili: kumenyesha ng'ambo ya mto. Kituo kikipata mvua na shamba lako likose, kipimo kinasema umevuna. Mtu akikosa fidia msimu mmoja hivyo, msimu wa pili hatalipa, na jirani zake pia hawatalipa. Siipuuzi bima hiyo. Inafaa iwe tabaka la pili. La kwanza bado ni mshahara.

Nao mshahara una udhaifu ambao Wakamba wenyewe walishaupa jina. Njaa zao zina majina: ya 1961 iliitwa ya ndeke, kwa ndege zilizodondosha chakula, ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Chakula cha kununua hakikuwepo.

Ukame mkubwa hauishii Ukambani, na hilo ndilo linaloifanya bima ya Eastlands itetereke. Bima yoyote husimama kwa sababu anayelipa hajaumia siku moja na anayelipwa. Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mwezi uliotangulia Nairobi ilikuwa imeingia kwenye mgao wa maji, maana bwawa la Ndakaini, lililokuwa likitoa zaidi ya asilimia 80 ya maji ya jiji, lilikuwa limeshuka vibaya. Mpangaji wa Kayole akawa ananunua maji kwa mtungi kutoka mkokoteni. Unga wa kilo mbili ukapanda hadi serikali ikalazimika kuushusha kwa ruzuku hadi Sh90 mwezi Mei. Julai 2022 hadithi ikarudiwa, bei ikiwa imepita Sh200 na ruzuku ikiushusha hadi Sh100 kwa wiki chache. Miezi hiyo ndiyo mama anapiga simu kutoka Kathonzweni akisema ghala ni tupu. Mwenye kutuma naye anapima unga kwa gorogoro dukani, na mwenye nyumba hajali mawingu.

Ndiyo maana akiba bora ni ile ya chakula chenyewe, katika mwaka mzuri, nyumbani. Miaka mizuri ipo. Baada ya vuli ya 2023 mahindi yalikuwepo. Lakini mavuno yakiingia Februari wengi huuza haraka, kwa kuhofia dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wamempa jina la Osama kwa ukatili wake. Mifuko isiyopitisha hewa humuua bila dawa yoyote, mradi mahindi yamekauka sawasawa kabla ya kufungwa. Nasisitiza kukauka kwa sababu mwaka 2004 watu wapatao 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ikiwa kuna zawadi moja ya kumpelekea mzazi mwezi Februari badala ya blanketi, ni mifuko hiyo kumi na turubai la kuanikia.

Kuhusu taarifa, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, iliyoundwa 2011, hutoa ripoti kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame. Inaeleza hali ya malisho, bei ya mbuzi ikilinganishwa na ya mahindi, umbali wa kwenda majini, na ikiwa kaunti iko kwenye hali ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Bei ya mbuzi dhidi ya gunia ndicho kipimo ninachokitazama kwanza, kwa sababu huanza kuyumba kabla mtu hajasema neno njaa. Ripoti hizi huandikwa kwa ajili ya maofisa wa kaunti na mashirika. Nairobi haimo kwenye orodha ya kaunti 23, na ni sawa isiwemo, ila wanaolipia mashamba ya Makueni wanaishi Nairobi.

Wanaoweza kuifanyia kazi taarifa hiyo wapo tayari, na wamejipanga. Ni vyama. Karibu kila ploti ya Eastlands ina chama: cha akina mama, cha wanakijiji wa eneo moja, cha wafanyakazi wenza. Wanachanga mwaka mzima, na Desemba wanagawana. Fedha hizo huishia kwenye nauli za sikukuu, ambazo hupandishwa maksudi wiki hiyohiyo, nguo za watoto na nyama. Kinachobaki humezwa na karo ya Januari. Yaani mfuko mkubwa kuliko yote wa familia hufunguliwa wakati mvua inakatika, mbegu ikiwa imeshaota au imeshaoza.

Mwaka wa chama si sheria ya Bunge. Unaweza kufungwa Septemba. Karo ya muhula wa tatu imeshalipwa, utabiri umeshatoka, na Oktoba ni mwezi ambao mfuko wa Eastlands huhema kidogo. Gawio likitoka wakati huo, wenye asili ya Makueni wanapeleka mbegu na pesa ya plau, wa Kitui wanalipia saruji ya bwawa la mchanga, na asiye na shamba ananunua gunia la mahindi Nyamakima kabla bei haijapanda. Nimewahi kulisikia pendekezo hili likitolewa katika kikao. Upinzani haukutoka kwa wasioamini utabiri. Ulitoka kwa waliouliza mbuzi wa Krismasi atanunuliwa na nani, na mjadala huo ukachukua muda mrefu kuliko ajenda nyingine zote.